Maandishi Yaliyokimbia

Kabula aliitilia shaka video ile tangu mara ya kwanza alipoonyeshwa.

Ilikuwa ya ubatizo wa mtoto wao, pale nyumbani Ifakara. Mumewe, Lukelo, aliitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta ili waitume Maswa kwa wazazi wa Kabula, ambao hawakuweza kuja. Wageni wengi walizungumza Kindamba, ambacho Kabula na wazazi wake hawakukijua, kwa hiyo Lukelo aliandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha. Maneno ya mjomba yalikaa mpaka ukayachoka. Ya katekista vilevile. Lakini mama mkwe, Agnella, aliposimama kusema, maandishi yalitokea na kupotea kabla Kabula hajafikia neno la pili.

"Rudisha hapo."

"Ni programu tu, inakimbia yenyewe," Lukelo alisema, akapeleka mbele.

Mbona ikimbie hapo tu? Kabula alimtazama mumewe akifunga kompyuta. Lukelo hakuinua macho.

Kesho yake Lukelo alipokwenda Mchombe kuangalia mpunga, Kabula akaifungua. Alibonyeza huku na kule mpaka akagundua kwamba kila mstari wa maandishi una kipande chake chini ya picha, na ukikivuta mwisho wake, maneno yanakaa zaidi. Akakivuta cha mama mkwe. Maneno yakatulia: "Namshukuru Mungu kwa mjukuu."

Basi? Mama mkwe alisema kwa kirefu, mikono ikienda hewani. Watu walicheka. Jina la Kabula lilitajwa. Naye alionekana palepale, mtoto mapajani, akicheka kwa kuwa wenzake walikuwa wanacheka.

Akaenda kumwita jirani yake Justa, Mndamba wa Chita. Justa alisikiliza, akaanza kuvutavuta khanga.

"Siku nyingine, mwenzangu. Nimeacha sufuria jikoni."

"Nimetoka kwako sasa hivi, Justa. Hujawasha hata moto."

Justa akaketi tena. "Anasema miaka yote ile alimwambia Lukelo atafute mwingine, eti wewe huzai. Hata msichana alishampata, kule Sanje. Lukelo akamjibu, ukimleta huyo, mimi na Kabula tunahama. Hapo ndipo walipocheka. Halafu anasema, leo nimembeba mjukuu, uso wangu niuweke wapi?"

Kabula alikumbuka mizizi ya dawa ya uzazi aliyokuwa akiletewa na mama mkwe, jinsi alivyoichemsha na kuinywa ilivyo chungu, akidhani anaonewa huruma. Lakini msichana wa Sanje hakumchoma kama kile kicheko. Uwanja mzima ulielewa isipokuwa yeye.

Lukelo aliporudi alikuta video imesimama kwenye uso wa mama yake.

"Ulijua nitauliza, ndiyo maana ukayakimbiza," Kabula alisema.

"Nilitaka yakupite. Yalishakwisha, Kabula."

"Yalikwisha kwenu. Kwangu yameanza leo. Andika yote."

Lukelo akaandika. Kabula alisoma kwa sauti, na kila maneno yalipopotea kabla hajamaliza, alimwambia avute tena, yaende polepole. Nakala ya kutuma Maswa wakaiacha ilivyokuwa.

Jumapili mama mkwe akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kabula akamwekea video. Agnella alivaa miwani, akasoma maneno yake mwenyewe, midomo ikicheza.

"Kumbe umejua," alisema mwishowe.

"Nimejua, mama. Huyo msichana yuko wapi siku hizi?"

"Ameolewa Mang'ula."

"Aliambiwa kwamba mwanao ana mke?"

Agnella akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Hapana. Naye sikumwambia."

Mtoto akalia chumbani. Agnella akanyanyuka kwenda kumchukua, kama kawaida yake.

"Kaa tu, mama," Kabula alisema. "Nitamleta mwenyewe."