Miji Niliyoitoa kwa Goti

Miguu inaondoka kwanza. Daktari wa usingizi amenichoma sindano mgongoni, ameniambia miguu itakuwa mizito kisha haitakuwepo, na kweli joto linashuka kutoka kiunoni kama mtu amenimwagia maji ya kuoga, halafu miguu haipo. Nyuma ya pazia la kijani walilonitandazia kifuani nasikia vyuma vinagongana kwenye sinia, vinagongana taratibu kama vijiko jikoni kwa jirani, na nataka kusema neno kabla hawajaanza, neno liko kwenye ulimi tangu jana, lakini dawa ya pili inaingia kwenye mshipa wa mkono na taa ya juu inakuwa taa nyingi. Sista Tumpe ananiinamia. Naona macho yake tu juu ya barakoa. Ananiuliza kama kuna kitu nataka, nami natikisa kichwa, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikiulizwa natikisa kichwa hata kama nataka. Kisha barakoa inapanda, inafunika na macho, uso wote unakuwa kitambaa, na mimi nainuka kitandani kuifuata miguu yangu ambayo imeshatangulia barabarani.

Barabara ni nyeupe na inakunjuka mbele kama bendeji inayofunguliwa na mtu nisiyemwona. Miguu yangu inakwenda juu yake bila mimi, wa kulia umenyooka, wa kushoto unachechemea kama unavyochechemea tangu nikiwa darasa la tano, mwaka ule baridi yabisi ilipoingia kwenye goti na mlima wa kwenda shuleni ukawa mrefu kuliko mimi, nikabaki nyumbani kuchambua maharage. Sijui natembea na nini, lakini natembea. Naiita miguu, haigeuki. Najua inakokwenda. Inakwenda kupokea goti jipya, na inakwenda bila neno, kwa sababu neno nimebaki nalo mimi. Neno lenyewe si kubwa. Ni kwamba vyuma vya rangi nyeupe vinanila. Siku ya kipaimara nilivalishwa hereni za gulioni, kabla ya misa kuisha masikio yalikuwa yanatoa maji. Kifungo cha sketi kiliniachia kidonda chini ya kitovu. Saa aliyoniletea kaka yangu ilinichubua mkono mpaka nikaifunga kwa kitambaa, na kaka akacheka, akasema huyu anataka dhahabu, kwani baba yake ana mgodi, na wote nyumbani wakacheka, na tangu siku hiyo nikiwashwa najikuna kimya. Halafu wiki iliyopita Daktari Rweyongeza akatuwekea mezani goti la mfano, linang'aa kama sufuria mpya, akasema ni mchanganyiko wa vyuma, tulishike tu, na nilipolishika vidole vyangu vikakumbuka. Nikafungua mdomo. Shangazi Nambike akanibonyeza ubavuni. Tulipotoka akaniambia kwamba nikianza habari za vipele vya hereni nitarudishwa nyumbani Vumwe na goti langu bovu, wanaongoja ni wengi, nafasi haiji mara mbili. Daktari alikuwa ameuliza kama kuna dawa au chakula kinachonidhuru. Nilisema hakuna, na ni kweli, hakuna. Lakini hereni naweza kuivua. Kifungo naweza kukikata. Goti likianza kuniwasha, nitalikuna kwa kuingilia wapi?

Barabara inapinda na mtu amesimama kwenye kona. Amevaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji, na mbele ya kichwa, pale pa uso, pako laini kama ganda la yai. Sauti yake ni ya mwanamke wa gulioni, mwenye kujua bei ya kila kitu. Namwamkia, shikamoo, anaitikia marahaba, anauliza mimi ni mtoto wa nani ninayekimbiza miguu kama mtu anakimbiza kuku. Namwambia mimi ni Namkunda, naomba anisaidie, miguu yangu ile inakwenda kutiwa goti kabla sijasema jambo. Anasema hapa hakuna anayepita bure. Kitendawili. Nami nasema tega, kwa sababu kwetu mtu akikwambia kitendawili huna kitu kingine cha kusema. Anasema, ukimbembeleza anakauka, ukimkunja analia, ukimwacha anakuwa mti. Nafikiri. Naliona jibu linapita karibu, kama mbuzi anavyopita dirishani, lakini naogopa kukosea. Nyumbani jioni, watoto walipokaa kuzunguka jiko, mimi sikuwahi kujibu kitendawili hata kimoja. Mtu asiyejua jibu hutoa mji, mtegaji anaupokea, anajisifu jinsi alivyokula na kulala huko, kisha anataja jibu, na mchezo unaendelea. Mimi nilitoa miji hata nilipojua jibu. Ilikuwa rahisi kuliko kusikia sauti yangu. Kwa hiyo asiye na uso anaponiambia nipe mji, namwambia chukua Same.

Anauchukua. Hajisifu, hali, hatoi jibu, ananyoosha tu mkono na Same yote inashuka pembeni ya barabara, stendi yake, maduka yake, vumbi lake, na chini yake Same nyingine imelala kichwa chini kama kwenye maji yaliyotulia. Inanibidi nipite katikati. Kwenye vibaraza wamekaa wanawake wamenyoosha miguu, na kila mmoja ana mshono mrefu kwenye goti, na chini yao wanawake walewale wamekaa wakitazama juu. Wananikaribisha. Wana nyuso, namshukuru Mungu. Mmoja mnene aliyejifunga kanga kifuani anakunja goti lake pole pole, analia kidogo, analinyoosha, anakunja tena, na huku analia ananisimulia kwamba lake lilikuwa la moto kama chungu kilichotoka jikoni, lilikuwa la moto mpaka mvua zikaisha, naye akadhani chuma kimemkataa, kumbe ni mwili unapona tu, unapona kwa moto. Namuuliza kwa sauti ndogo, na mwasho? Anasema hata mwasho, mshono ukifunga unawasha. Mwembamba aliyekaa pembeni anasema usimdanganye mtoto wa watu, langu liliwasha na halikuacha, nami sikumwambia mtu, nikaacha na kulikunja, tazama. Anatuonyesha. Mguu wake umenyooka kama nguzo ya umeme. Mnene anamwambia wewe hukulikunja kwa uvivu, chuma kimekukosea nini. Mwembamba anasema uvivu ni wako, ndiyo maana mumeo alijifunza kupika. Wanacheka wote wawili, na walio chini wanacheka, ila kicheko cha chini kinachelewa. Nataka kuwauliza, sasa mtu atajuaje, moto wa kupona na moto wa kukataliwa, ataitofautishaje naye yuko nje ya goti lake? Mwembamba ananitazama kama amesikia. Anasema, mimi sijui mpaka leo, mwanangu. Wa kunipima alikuwepo. Mimi ndiye sikumwambia.

Natoka Same na nikigeuka Same haipo. Miguu imefika mbali. Asiye na uso yuko kwenye kona nyingine, au kona ni ileile, anasema kitendawili, nasema tega. Anapiga hodi ndani ya nyumba, mlangoni hayupo. Hili nalijua. Nalijua kwa ngozi, ni mwasho ambao kucha haiufikii. Midomo inafunguka, kaka yangu anacheka mahali fulani nyuma ya hewa, midomo inafungika. Nipe mji. Nampa Mwanga. Nampa na Korogwe, ambako sijawahi hata kushuka kwenye basi, anaichukua vilevile, na miji inalala pande zote za barabara, mmoja juu, mmoja chini, na ndani yake mitaa inazunguka na kurudi ilikotoka, na kila dirisha nikichungulia namwona msichana anatikisa kichwa. Nachoka, ingawa sina miguu ya kuchoka. Hakuna baya linalotokea. Upepo ni mwororo, mtu anapepeta mchele mahali, nasikia ungo. Ningeweza kukaa huku. Ningeendelea kutoa miji nisiyoijua, na asiye na uso angeendelea kupokea, wala asingenigombeza.

Ndipo naiona nyumba. Haina kuta, ni rafu tu, na kwenye rafu yamepangwa magoti, yamekaa kama vyombo vya mwali, na miguu yangu imesimama mbele yake kwa adabu kama watoto waliotumwa dukani. Asiye na uso ameshika goti moja, lile la kung'aa kama sufuria. Anasema hiki ni cha mwisho. Kitendawili. Nasema tega. Anasema, mgeni wangu hali wala hanywi, nikimkaribisha hatoki tena, na hajui ndani mwangu kuna nini. Anasema nipe mji. Natafuta mji na sina, nimemaliza, mikononi nimebaki na Vumwe peke yake. Naiona yote, migomba, mfereji wa maji unaopita nyuma ya kanisa, paa letu, na jiko la mama ambalo linatoa moshi ingawa mama yuko hospitali, amekaa kwenye benchi la nje na kikapu cha uji. Nikiitoa Vumwe, mama atarudi wapi? Na mimi, nikiamka, nitaamkia kwa nani? Asiye na uso anangoja. Hana haraka. Anashusha goti taratibu kuelekea mguu wangu wa kushoto, na mguu, mjinga ule, unajisogeza.

Nasema, subiri.

Sauti inatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nasema, mgeni ni hilo goti, na mwenye nyumba ni mimi, na kama halijui ndani mwangu kuna nini mimi nitaliambia. Chuma cheupe kinanila. Hereni zilinitoa maji. Kifungo kiliniachia kidonda. Hata saa. Asiye na uso anauliza, mbona hukusema? Nasema mliniuliza dawa na chakula, hamkuniuliza hereni. Anauliza, na sasa nani amekuuliza? Nasema hakuna. Nasema tu. Anauliza kama najua kwamba wengine ngozi inakataa na goti linakubali, na kwamba huenda ninajirudisha nyumbani bure na mguu wangu mbovu. Nasema sijui, wewe ndiye unayejua, ndiyo maana nakwambia, nipime, na kama ni kurudi Vumwe nitarudi kwa kuchechemea. Miguu inageuka, kwa mara ya kwanza inageuka, inanitazama kama miguu inavyoweza kutazama. Asiye na uso analirudisha goti kwenye rafu. Haoneshi kukasirika wala kufurahi. Anapitisha kidole juu ya mengine, kuna ya kijivu, kuna meusi, na mengine sijui rangi yake inaitwaje, na anasema, haya, kaa hapo, nikamwulize mwenzangu. Anakwenda. Nakaa. Barabara inaanza kujikunja kutoka mwisho wake, inakuja kwangu ikiviringika, nyeupe, laini, inanifikia kwenye nyonga, inanizunguka.

Ni bendeji. Niko kitandani, wodini, na mguu wa kushoto umefungwa mpaka pajani na kuwekwa juu ya mto. Dirisha lina mwanga wa mchana. Sista Tumpe anapita na barakoa, anapima presha, anasema umeamka, nasema nimeamka. Anasema nilikuwa msemaji kweli huko ndani, na wao walivyodhani mimi ni bubu. Namwuliza nilisema nini. Anasema mambo mengi, mara Same, mara Korogwe, na anacheka puani, na kabla sijamwuliza kama nilisema kabla ya kisu au baada ya kisu, kabla ya goti au baada ya goti, ameitwa kitanda cha pili. Natafuta mguu kwa maumivu, maana nafikiri maumivu hayadanganyi, goti likiuma nitajua niko upande huu. Haliumi. Sindano ya mgongo bado haijaisha, miguu bado haijarudi, iko mahali inatembea. Nanusa hewa. Dettol na uji. Hata kule nilisikia ungo wazi kabisa, na mchele ukianguka punje kwa punje.

Mama yupo. Amekaa pembeni ya kitanda, amenipa mgongo, anahangaika na kifuniko cha chupa ya uji. Anaongea huku anahangaika, sauti ni yake, ya taratibu, anasema shangazi yako amekwenda kutafuta chumvi, anasema pole mwanangu. Kisha anasema, daktari alitoka mlangoni na glavu mikononi, kabla hawajakupasua, akaniuliza habari za masikio yako, nami nikamwambia yote, mpaka ile saa, ingawa shangazi yako alinikanyaga mguu. Alirudi ndani, akakaa sana. Sasa sijui wamekuwekea lipi, au wamekufunga tu mpaka wakupime, hakuna aliyetueleza na mimi sikuthubutu kuuliza. Kifuniko kinafunguka. Mvuke unapanda mbele yake. Namtazama kisogo chake, kilemba chake cha bluu, shingo yake yenye mkunjo, na nagundua kwamba tangu nimefumbua macho sijauona uso wake. Moyo haunidundi. Kama ni huku au ni kule, daktari atapita jioni, na nitamwuliza ni lipi, na nitauliza moto wa kupona unakuwaje na ule mwingine unakuwaje, na kama hana uso nitamwuliza hivyohivyo.

Mama, nasema, geuka nikuone.

Anaweka chupa chini. Anajifuta mikono kwenye kanga, na anaanza kugeuka.