Santuri za Mukendi Hazifiki

"Ndugu yangu Ebenyo, uniwie radhi. Kuna kilio tena. Santuri zitakuja tu."

Ujumbe wa sauti uliishia hapo. Ebenyo aliweka simu juu ya meza, karibu na chai iliyokwisha kupoa, akaitazama kama mtu anayetazama nge.

"Kilio cha nani sasa?" Nakaale, mwenye hoteli, aliuliza kutoka jikoni. "Kwanza alikufa shemeji, halafu shangazi. Huyu mtu atabakiwa na nani?"

Mwalimu Lomunokol hakucheka. Alikuwa amefundisha nusu ya Lodwar, na tangu astaafu hakupenda kitu kingine kuliko santuri za zamani za rumba. "Hebu rudia," alisema. "Ongeza sauti."

Ebenyo akarudia. Nyuma ya maneno ya Mukendi gitaa lilikuwa linatiririka, na watu wanaitikia.

"Hiyo ni yangu," mwalimu akasema taratibu. "Ile ya jalada la buluu. Mimi nililipa, yeye anaipiga."

"Yuko baa," Ebenyo akasema, shingo imemvimba. Kwao Kanamkemer, nyumba ikipata msiba hata redio huzimwa. Mtu anayesema ana kilio huku rumba inamlilia mgongoni ni mwongo mvivu, asiyejisumbua hata kutoka nje kabla ya kudanganya.

Na mwongo huyo yeye ndiye aliyemleta. Alikwenda Kakuma kuchomelea milango, akamkuta Mukendi na sanduku la santuri alizotoka nazo Kongo, kila moja imefungwa kwa kitambaa. Aliporudi aliwaambia wapenzi wa santuri wa Lodwar: lipeni, huyu namdhamini kwa jina langu. Wakalipa, naye akalipia yake. Picha zikaja. Santuri hazikuja.

"Kijana," mwalimu alisema, kwa upole uliouma kuliko tusi, "wenzetu wameanza kuuliza kama wewe na huyo Mkongo mnagawana."

Ebenyo alisimama. Wangemwita mkali, wangemwita mwenye kiburi, angekubali na kuwaongezea. Mwizi, hapana.

Tena si kwamba alikuwa amekaa kimya. Mukendi aliposema mzigo uko kwa wakala wa magari, Ebenyo alikwenda stendi akafunguliwa stoo nzima, akaona magunia ya makaa na godoro la mtu. Mukendi aliposema lagga ya Kakuma, ule mto wa msimu, imejaa, magari hayavuki, alimpigia binamu yake Ekal, anayechunga huko. "Imejaa, ndiyo," Ekal alijibu. "Imejaa mchanga. Tumechimba kisima katikati yake mbuzi wapate kunywa."

"Naenda kesho," Ebenyo alisema.

"Tunaenda," Nakaale akamsahihisha. "Ukirudi peke yako na maneno matupu, nani atakuamini? Na mimi nina santuri yangu humo."

Asubuhi Ebenyo alimpakia kwenye pikipiki yake. Njia nzima hadi Kakuma alikuwa anapanga maneno, anayanoa, anayajaribu kwa sauti.

"Lakini Bungoma wanapiga disko matanga, muziki msibani," Nakaale alisema nyuma yake, leso imemziba mdomo kwa ajili ya vumbi.

"Mukendi ni wa Kongo, dada. Si wa Bungoma."

"Nimesema tu."

Nyumba ya Mukendi ilikuwa imefungwa. Hawakuhitaji kuuliza jirani, waliufuata muziki. Uliwapeleka mpaka kwenye turubai lililotandazwa juu ya miti, na chini yake watu wamejaa. Ebenyo aliingia kifua mbele, neno la kwanza liko tayari kwenye ulimi.

Akaona mishumaa. Akaona picha ya mzee mwenye tai, imeegeshwa kwenye kiti. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wanalia na kuimba pamoja na santuri, mistari yote wanaijua. Pembeni, Mukendi, shati jeusi, alikuwa ameinamia mashine yake.

"Hiki ni nini?" Ebenyo aliuliza.

"Kilio," Mukendi alisema. "Si nilikuambia?"

"Na muziki?"

"Mzee aende bila muziki? Kwetu haiwezekane."

Nakaale alikohoa. Hakusema Bungoma, lakini Ebenyo alimsikia.

"Na ya lagga?"

"Ya lagga nilidanganya," Mukendi alikubali. "Ya stendi pia. Ya vilio, hapana. Watu banakufa, Ebenyo. Miye nifanye je? Kila mara nafunga mzigo, mtu anabisha mlango."

"Kwa nini uliuza, kama huwezi kuachana nazo?"

"Betri ya sola ilikufa. Nilihitaji kununua ingine."

"Betri ya kufanyia nini?"

"Ya kupigia santuri."

"Santuri zipi?"

Mukendi alitazama sanduku, akatazama mashine. "Hizi."

Maneno yote Ebenyo aliyoyanoa barabarani hayakuwa na mahali pa kuchoma. Kabla hajapata mengine, mama mmoja aliinuka mkekani, macho yamevimba. Alikuwa Pascaline, mjane wa marehemu.

"Huyu ndiye mwenye santuri?" alimuuliza Mukendi. Kisha akamshika Ebenyo mikono yote miwili. "Tumesikia ni watu wa Lodwar wametuachia. Mungu akubariki, mwanangu. Mume wangu alikuwa anapenda hizi sana."

Umati ukageuka. Wazee wakampungia. Mtu akamletea kiti.

Neno la Nakaale ndilo lingeamua huko Lodwar kama Ebenyo ni mwizi, na wote wawili walilijua hilo.

Ebenyo hakuketi. Alimwambia mjane, "Pole, mama," kisha akapiga magoti mbele ya sanduku na kuanza kuchambua mbele ya kila mtu. Ya Nakaale akampa mwenyewe. Za wengine akazifunga ndani ya koti lake. Wimbo wa jalada la buluu ulipokwisha, aliinyanyua santuri kwenye mashine kwa vidole viwili akairudisha ndani ya jalada.

"Hizi ni mali za watu," alisema. "Sina ruhusa ya kuziacha."

Akachomoa yake, ile aliyoichagua kabla ya nyingine zote na ambayo hajawahi kuisikia. Aliipangusa vumbi kwa shati. Akaiweka mashineni.

"Hii ni yangu. Pigeni mpaka mzike."

Gitaa likaanza, na wanawake wakalipokea. Nakaale alikuwa amekwisha tangulia kwenye pikipiki, mzigo kifuani.

"Nitasimulia nilivyoona," alisema. "Na santuri yako je?"

Mukendi alikuja anakimbia nyuma yao. "Ndugu yangu, tukishazika tu, yako nitaituma siku ya—"

"Mukendi," Ebenyo alisema, akiwasha pikipiki, "usinitajie siku."