Ngamia Waliosoma Habari ya Saa Saba

Mwaka ule wa uchaguzi, Ofisi ya Habari Tamu iliamua kwamba Garissa haina habari mbaya. Aliyekuwa nayo alitakiwa kuiombea kibali siku kumi na nne kabla haijatokea. Mto Tana ulifurika bila kibali, ukaandikiwa barua ya onyo, na barua yenyewe ikasombwa na maji. Mgombea alikuwa mmoja tu, Mheshimiwa Dekow. Wapinzani wake wote walikuwa wamepewa likizo ndefu, na matokeo yalikwisha chapishwa, yamekaa kwenye maboksi yakiwangoja wapiga kura waje kuyathibitisha.

Mustaf, fundi mitambo wa redio moja ndogo mtaani Iftin, alikuwa ameyazoea hayo yote kama mtu anavyozoea vumbi. Lakini Jumatano ile vumbi lilimwingia jichoni.

Mtangazaji wao, Shamis, alirudi na pikipiki kutoka Biyo Dheer, kwenye kile kisima kipya ambacho Mheshimiwa alikuwa akikiimba kila kampeni. Alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia hijabu hadi viatu.

"Kimekauka," alisema. "Nimetupa jiwe ndani, walaal, ndugu yangu. Nimesikia jiwe tu."

Aliandika habari hiyo kwa sentensi tatu, akaipeleka kwa mkaguzi wa Ofisi, Bwana Mohamednoor, aliyekuwa na meza yake mle mle studioni na kitufe chekundu cha kukata matangazo. Karatasi ilirudi imegongwa muhuri: HABARI HII NI KAVU MNO. IONGEZWE MAJI. Mahali pake likawekwa tangazo la kampeni kwamba Biyo Dheer inabubujika, wafugaji wote karibuni.

Mustaf aliketi juu ya ndoo ya rangi. Abti Yarrow, kaka wa mama yake, yule aliyemlea, alikuwa njiani kutoka upande wa Wajir na ngamia arobaini wenye kiu. Siku mbili nyuma alipiga simu kutoka dukani Habaswein: Alhamisi, yaani kesho, saa saba mchana, atakuwa njia panda. Kushoto ni Biyo Dheer, kulia ni mtoni. Mtandao huko hakuna. Kuna redio yake tu, imefungwa kwa kamba kwenye tandiko la ngamia wa mbele. Kokote itakakosema redio, ndiko atakakokata kona. Na akikata kushoto, wanyama wale hawatakuwa na nguvu za kurudi.

"Nitavamia maikrofoni," Mustaf alisema. "Nipige kelele."

"Utapiga neno moja, la pili utalimalizia korokoroni. Abti yako atasikia 'kisi', halafu wimbo wa kampeni." Shamis alijipangusa uso, akamwendea mkaguzi akitabasamu kama bibi harusi. "Bwana Mohamednoor, tumekikosea heshima kile kisima. Tangazo peke yake? Kesho twende hewani moja kwa moja, saa saba, Mheshimiwa akinywesha ngamia. Nitasema yaliyoandikwa na Ofisi tu, sitaongeza hata nukta."

Mkaguzi karibu alie kwa furaha. Mustaf naye karibu alie, ila kwa sababu nyingine. Usiku kucha alimhesabia Shamis dhambi, akamwita kibaraka kwa lugha tatu, kwa sauti iliyofika hadi mtaa wa pili.

Kesho yake walifika Biyo Dheer. Kazi ilikuwa imefanyika. Mfereji ulikuwa umepakwa rangi ya fedha. Hodhi la kunyweshea, lenye urefu wa lori, lilikuwa limepakwa rangi ya buluu ndani yote, na mchoraji alikuwa amechora hadi viwimbi. Mpiga picha wa kampeni aliapa kwamba kwenye picha hata samaki angedanganyika.

Mheshimiwa Dekow alishuka garini na koti lililompita kimo. Wakati huo Weris, mama mfugaji wa jirani, alifika na ngamia kumi na mmoja ambao hawakuwa wamekunywa siku tisa. Kila mmoja alikuwa na koor shingoni, ile kengele ya mti.

"Eedo Weris," Shamis alimsalimu, akimwita shangazi kwa adabu. "Umewaleta wenyewe?"

"Nimeleta. Lakini hapa maji hapana, binti yangu. Mimi jana nimechungulia."

"Najua, eedo. Waachie tu waje wenyewe. Usiwashike."

Weris alimtazama, akaitazama maikrofoni. Halafu akaziba mdomo kwa ncha ya shungi, mabega yakaanza kumtikisika.

Mustaf bado hakuelewa. Alivaa visikilizio, akainua kidole. Saa saba kamili.

"Wasikilizaji," Shamis alianza, sauti imejaa asali, "niko Biyo Dheer, kisima cha Mheshimiwa Dekow, baba wa maji. Hodhi ni buluu. Sijawahi kuona hodhi buluu namna hii." Mkaguzi, kidole kikiwa juu ya kitufe chake cha safari, alifuatisha kwenye karatasi. Kila neno lilikuwepo. "Ngamia wanakuja. Sasa, kwa heshima ya kazi ya Mheshimiwa, nitanyamaza kidogo. Wasikieni wenyewe wakinywa."

Akainamisha maikrofoni karibu na hodhi, akanyamaza kweli.

Tok, tok, tok. Kumi na mmoja walikuja kwa haraka, kengele zikigongana. Walifika. Waliinamisha pua wakanusa rangi. Mmoja aliramba kiwimbi, akapiga chafya. Halafu, tokotoko tokotoko, wakageuka wote kwa hasira na kuondoka. Sauti ikaenda ikipungua, ikipungua, mpaka ikabaki nukta moja mbali huko porini.

Hapo ndipo Mustaf alipoelewa. Mtu yeyote aliyekua nyuma ya ngamia anajua: ngamia akinywa, shingo hutulia, na kengele hutulia nayo. Mfugaji aliyelala chini ya mti huhesabu walioshiba kwa kusikiliza kengele zinazonyamaza. Kengele inayokimbia ina maana moja tu. Shamis alikuwa ameisoma habari yake yote hewani, bila kufungua mdomo, na hakuna karatasi iliyoweza kugongwa muhuri.

Mustaf aligeuka kwa hofu kumtazama mkaguzi. Bwana Mohamednoor alizaliwa mjini, akakulia mjini, na ngamia alimjua kwenye sahani, pamoja na wali. Alikuwa amefumba macho.

"Maa shaa Allah," alinong'ona. "Sauti ya maendeleo! Waryaa fundi, ongeza sauti!"

Mustaf akaongeza mpaka mwisho.

"Na irudiwe," mkaguzi akaagiza. "Kila saa, mpaka siku ya kura!"

"Kila saa?" Shamis aliuliza kwa unyenyekevu. "Bwana, si tutawachosha?"

"Kila saa! Hiyo ni amri ya Ofisi."

Wakati wa kurudi Mustaf alikaa nyuma ya Shamis kwenye pikipiki, akiwa na aibu ya zile lugha tatu.

"Nilikutukana jana," alisema.

"Nilisikia. Kisomali chako cha matusi ni kizuri, Kiswahili kinahitaji mazoezi."

Usiku wala Ijumaa asubuhi simu haikulia. Redio ilirudia kengele kila saa kwa amri ya serikali, na kila mara Mustaf aliacha chai yake ikapoa. Je, abti alikuwa amewasha redio? Betri je? Ofisi ilimletea Shamis cheti cha Mtangazaji Mtamu wa Mwezi. Akakitumia kufunikia kikombe cha chai, nzi wasiingie.

Baada ya swala ya Ijumaa simu ikalia. Namba ya mtu asiyemjua, upepo mwingi.

"Mustaf?" Ilikuwa sauti ya abti Yarrow. "Huyo msichana wa redio ni binti wa nani?"

"Kwa nini, abti? Uko wapi?"

"Mwambie babake alizaa. Sasa nyamaza, sikiliza. Naweka simu shingoni mwa yule ngamia mzee wa mbele."

Mustaf alimpungia Shamis mkono, akafungua spika. Wote wawili wakainama juu ya simu. Kengele haikulia hata mara moja. Kulikuwa na Mto Tana tu, na koo refu likivuta maji, gulu, gulu, gulu, bila haraka yoyote.