Unga wa Waliobaki Mahame

Ugali wa kwanza kugoma kuiva ulikuwa wa Damari. Ilikuwa mwaka sabini na nne, mwezi wa tatu tangu watu wa upande wa Mgori wahamishiwe kijiji kipya cha ujamaa. Mvua haikuwa imenyesha hata ya kulowesha ndevu. Serikali ilituletea unga wa njano, ule tuliouita yanga, na mimi ndiye niliyeugawa, bwana shamba mwenye diploma na kofia.

"Bwana shamba, njoo uone," Damari aliniita.

Sufuria ilikuwa motoni tangu asubuhi, maji yanatokota. Nikachota kwa mwiko. Unga mbichi, wa baridi, kama umetoka ghalani sasa hivi.

"Labda hujui kusonga, mama Felista."

"Nimesonga miaka kumi na tano. Wewe umesonga nini zaidi ya maneno?"

Nilicheka. Siku ya tatu sikucheka tena, maana nyumba zote arobaini zilikuwa hivyo hivyo. Magunia tunayo, na watoto wanalamba unga mkavu na kuharisha. Felista, binti yake wa miaka minne, alikuwa hanyanyui kichwa.

"Sisi mtu akihama anabeba moto wa jiko lake kwenye kigae," Damari aliniambia. "Nyie mlitupakia kwenye lori, moto mkaumwagia maji. Hapa tumewasha kwa kiberiti. Moto huu hautujui."

"Sasa ule wa zamani utaupata wapi?"

"Umebaki kwa mama mkwe tu."

Bibi Rahabu, mama mkwe wake, alikataa kuhama. Mgambo walibomoa paa la tembe lake, yeye akabaki humo humo. Amri ilisema asiyehama hapati unga, nami nikachukua kalamu nikafuta jina lake kwenye orodha, pamoja na ya wengine waliogoma kuhama. Damari aliponiomba kibaba kimoja ampelekee, nilimjibu kwa utani: "Kwenye orodha hayupo, kwa hiyo hayupo."

Mimi na Damari tulifika mahame, kijiji chao walichohamishwa, saa sita mchana. Nilibeba unga kidogo, maana hata mwenye diploma haendi kwa watu mikono mitupu. Ndani ya tembe lisilo na paa kulikuwa na mafiga matatu, moto unawaka vizuri, na kigoda kando yake. Mtu hakuna.

Damari akapiga magoti. "Shikamoo mama." Akatega sikio, akaitikia kwa kichwa. "Sisi wazima. Felista ndiye mgonjwa."

"Unaongea na nani?"

"Bwana shamba, acha utani. Msalimie."

"Nimsalimie nani, kigoda?"

Ukuni mmoja ukajisogeza motoni. Harufu ya ugoro ikanijia puani, karibu kabisa. Nikavua kofia. "Shikamoo bibi." Sikusikia marahaba.

"Anasema humwoni kwa sababu ulimfuta," Damari alisema taratibu. "Moto atatoa, lakini kwanza ale. Na umpimie wewe, kwa mkono wako."

Niliumimina ule unga kwenye ungo karibu na kigoda. Juu yake pakajichora alama ya kiganja, vidole vitano vyembamba. Halafu kiganja kingine, kikubwa zaidi. Halafu kimoja kisicho na kidole gumba. Vikaongezeka pande zote za ungo, na unga ukawa unapungua.

"Bibi ana mikono mingapi?" niliuliza, na huo ndio ulikuwa mzaha wangu wa mwisho siku hiyo.

Damari alisogea nyuma yangu. "Mimi namwona mama peke yake. Hao wengine siwaoni. Labda hawakuwa na mtu wa kuwaombea hata kibaba."

Nilirudi kijijini nusu mbio. Nikafungua ghala bila kumwuliza mwenyekiti, nikapakia magunia mawili juu ya punda. Kule mahame nilipima kibaba baada ya kibaba, na kila kimoja kilikuwa chepesi mkononi kabla sijakiinamisha. Gunia la pili lilipobaki tupu nikageuka. Damari alikuwa ameshika kigae chenye makaa mekundu. Aliyempa sikumwona.

Jioni ile ugali uliiva. Felista alikula matonge mawili, akaomba maji, akalala kama watoto wanavyolala. Moto ukapita nyumba kwa nyumba.

Mimi niliketi ofisini kabla jua halijazama, nikaanza kurudisha majina niliyoyafuta. Nilipoandika Rahabu, mtu alikohoa mlangoni. Nikaandika Zefania, akakohoa mwingine. Simeoni. Luciana. Kefa. Kikohozi kimoja kwa kila jina, halafu nyayo zinaondoka.

Nimeandika kumi na sita. Niliowafuta walikuwa kumi na saba, na huyo wa mwisho kalamu ilimfuta vizuri mno, jina halisomeki. Nimeuliza kijiji kizima. Hakuna anayemkumbuka. Bado yupo mlangoni, namsikia anavyohema, na kila asubuhi namwachia kibaba chake hapo kizingitini.