Klachi ya Andendekisye

Watu wa Chimala walikuwa wakimtania Andendekisye kwamba mke wake mkubwa ni pikapu, na Tusekile ni mke mdogo. Yeye alicheka nao, kwa sababu utani wenyewe haukuwa mbali na ukweli.

Ilikuwa pikapu ndogo, nyeupe kama maziwa, aliyoinunua kwa bwana shamba mmoja aliyehamishwa. Kwa gari hilo alipeleka mchele Mbeya na Iringa, na akirudi kutoka upande wa Ilula alijaza nyanya na vitunguu. Alilitunza kuliko alivyoitunza afya yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena na kukitazama juani. Aliongeza maji kwenye radieta, akaminya tairi moja moja. Akitoka kwenye tope alilala chali chini ya gari na kukwangua chesisi kwa mti, maana tope likikauka hushika unyevu na chuma huoza. Hakupakia gunia hata moja zaidi ya uwezo wa springi. Wala hakuwa na ile tabia ya madereva wengine ya kuegemeza mguu kwenye pedeli ya klachi safari nzima.

Mwaka huo wa 1976 vipuri vilikuwa vimeadimika. Madereva waliokwama walikaa wiki nzima wakisubiri springi au pampu ya maji. Andendekisye mwenyewe alikuwa ametoka kubadilisha springi za nyuma, baada ya kuzihangaikia tangu kiangazi. Gari lilikuwa limesimama uani, limepakiwa mchele wa kwenda Iringa, turubai limefungwa vizuri, na mvua ya masika ikinyesha.

Asubuhi hiyo ndipo Shija alipofika. Shija alikuwa Msukuma, mkulima na mfugaji aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Alikuwa amelowa mpaka kichwani, na tope limempanda magotini.

"Dereva, shikamoo," alisema, ingawa walikuwa rika moja. "Mke wangu, Roza, ameshikwa na uchungu tangu jana. Mtoto hatoki. Mama zetu wameshindwa. Nisaidie tumlete hospitali."

Andendekisye aliijua ile njia ya kwenda kwa Shija. Udongo wake ni mweusi, na ukilowa hushika magurudumu kama ugali wa moto. Aliziona springi zake mpya zikikatika, akajiona anakwama huko na mchele wake ukilowa. Mdomo ukatangulia moyo.

"Ndugu yangu, klachi imekwisha," alisema. "Hapo lilipo haliendi hata hatua."

Shija hakubisha. Alilisogelea gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Pole sana," alisema. "Na vipuri vyenyewe siku hizi hakuna. Pole, dereva."

Kisha akageuka na kukimbia kurudi alikotoka.

Tusekile alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alikuwa amesikia yote. Alirudi ndani, na Andendekisye akasikia kuni zikivunjwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake jioni, mkokoteni wa ng'ombe uliojaa tope ulipita mbele ya nyumba ukielekea hospitali. Shija alikuwa mbele akivuta kamba. Roza alilala juu ya majani, amefunikwa ngozi, uso umegeukia upande wa pili. Andendekisye alikuwa chini ya pikapu. Alibaki huko huko chini mpaka magurudumu ya mkokoteni yalipoacha kusikika.

Habari zilimfikia sokoni. Roza amepona. Mtoto alishafia tumboni. Daktari alisema wamechelewa.

Uongo wake sasa ukamfunga. Mtu mwenye klachi mbovu hawezi kuonekana barabarani, kwa hiyo pikapu ilikaa uani, na mchele ule ikabidi uchukuliwe na lori la watu wengine. Majirani walikuja kumpa pole. Jailos, mzee wa kanisa, aliahidi kumuulizia klachi kwa shemeji yake Mbeya. Andendekisye aliitikia kila pole, na kila aliyoiitikia ilikuwa uongo mwingine. Usiku alikuwa analala vizuri tu, lakini alfajiri aliamka na kile kiganja cha Shija machoni, kimetulia juu ya boneti.

Mvua zilipoanza kupungua, Shija alirudi. Safari hii alibeba kitu kizito ndani ya gunia. Alikifungua barazani: klachi pleti, imetumika lakini bado nene.

"Nimeitafuta Iringa," alisema. "Nimezunguka gereji zote mpaka nikampata fundi aliyekuwa anafumua pikapu iliyopinduka. Ni kama hii yako. Nilimuuza ndama mmoja."

"Shija, kwa nini?"

"Huku kwetu wanawake wajawazito bado wapo. Nisingependa mwingine apande mkokoteni."

Shija alikunywa chai, akaaga. Pleti ilibaki barazani. Andendekisye aliitazama hadi kivuli cha paa kikaifikia.

"Utaifunga wapi?" Tusekile akamuuliza.

"Sijui."

"Nimechoka kuwapikia chai watu wanaokuja kukupa pole. Nenda kwake. Mimi sitakusemea."

Siku iliyofuata aliwasha pikapu. Iliwaka mara moja. Akaiingiza kwenye ile njia nyeusi iliyokuwa bado laini. Gari liliteleza, bomba la moshi likagonga kisiki, tope likaruka mpaka kwenye kioo. Lakini lilipita. Alipoona nyumba ya Shija, alisimamisha gari kwanza, kwa sababu safari yote haikuzidi muda wa mahubiri ya Jumapili.

Shija alikuwa zizini. Alitoka, akatabasamu kuliona gari.

"Umeshaifunga?"

"Sijaifunga. Ipo hapa, nimekurudishia." Andendekisye aliiteremsha pleti chini, akavua kofia. "Klachi haikuwa mbovu, Shija. Siku ile gari lilikuwa zima. Niliogopa tope. Niliogopa springi zangu."

Shija aliitazama pikapu, tope limeipanda mpaka milangoni. Akaitazama njia ilikotoka. Andendekisye akatamani apigwe.

"Limefika," Shija alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Limefika."

"Basi Roza usimwambie. Yeye ameshakubali kwamba ni kazi ya Mungu, na usiku analala. Mwache hivyo hivyo." Akaisukuma pleti kwa mguu. "Na hii ondoka nayo. Mimi sina gari."

Roza akatoka ndani na kibuyu cha maziwa ya mgando, amekonda, kanga imemzidi. "Karibu, dereva," alisema. "Tulisikia habari za klachi yako. Tulikuonea huruma." Andendekisye alipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, maana kukataa kungekuwa kumwambia yote.

Ile pleti alimpa bure dereva mmoja aliyekuwa amekwama Nyololo. Tangu hapo hakumkatalia mgonjwa, masika wala kiangazi. Springi zilikatika mara ya kwanza na ya pili, naye akawa anazifunga kwa mipira na kuendelea.

Mwaka uliofuata Roza alishika mimba tena. Siku za kliniki Andendekisye alimfuata mwenyewe, akamketisha mbele, akaendesha polepole. Roza alipenda kuzungumza njiani. Alimwambia majina aliyoyafikiria, akamshukuru kwa wema wake, naye dereva akayakazia macho mashimo ya barabara.

Shija hakupanda. Kila mara Andendekisye alipunguza mwendo na kumfungulia mlango, na kila mara Shija aliinua mkono kwa adabu.

"Tangulieni tu, dereva," alisema, akawafuata kwa miguu.