Jina Tumelificha

Fundi alijisifu kwamba hajazaliwa mtu wa kumdanganya yeye. Alilisema hilo kila siku huku mdomo umejaa pini, na akishalisema huzitoa pini moja moja, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ukimwondoa mume wangu wa kwanza. Na wa pili naye, haya, mwondoe."

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limelala ndani ya kitambulisho, na kitambulisho kimelala chini ya sanduku. Mtaani walikuwapo mafundi wa mabomba, wa redio na wa viatu, lakini ukisema Fundi peke yake, bila kumpachika mkia, hata mtoto anayejifunza kutembea alikuelekeza kwenye kile chumba chenye cherehani dirishani. Yeye ndiye aliyeshona sare za shule iliyo mwisho wa barabara, miaka nenda miaka rudi. Mwalimu Mkuu, mama mrefu asiyecheka bure, aliwahi kusema kwamba mtoto aliyevaa sare ya Fundi hata akifeli anafeli kwa heshima.

Sare hizo ndizo zilizokuwa chungu jikoni. Magauni ya harusi, mapazia na suruali za kupunguza vilikuwa kifuniko tu.

Basi tatizo likawa macho. Zilianza kuja nukta nyeusi, zikaelea mbele yake kama nzi waliokosa pa kutua, kisha likaja wingu, likatua likakaa. Fundi alipanda gari akaenda hospitali ya mbali, mahali ambapo hakuna anayemjua, na daktari wa huko akamwambia ni sukari, imeingia kwenye damu siku nyingi na sasa inakula macho. Akamwambia aende kliniki ya karibu na kwake, ahudhurie bila kukosa. Fundi akaitikia ndiyo daktari, asante daktari, akarudi nyumbani, na kliniki hakukanyaga. Angekanyagaje? Ukikaa kwenye foleni ya kliniki ile asubuhi, mchana ugonjwa wako umeshafika sokoni, umeshanunua na mboga. Na nani atampelekea kitambaa fundi asiyeona? Mtu hanyolewi na kinyozi anayetetemeka.

Kwa hiyo akajifunza ujanja. Kwenye futi kamba alishona vifundo vidogo vya uzi, akawa anapima kwa ncha za vidole huku anatazama dari kama msomi. Wateja aliwajua kwa nyayo na kikohozi. Rangi ndiyo ilimsumbua, lakini hata hapo alipata mlango wa nyuma.

"Rangi hii wewe unaionaje?" humuuliza mteja, kichwa ameinamisha pembeni.

"Mimi naiona kijani kizuri, Fundi."

"Umesema kweli. Una jicho wewe."

Mwaka huo chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilileta wanafunzi. Wenzetu wa huko jua likiwaka wanafunga vyuo, na badala ya kulala, wengine hupanda ndege kuja kusoma afya ya jamii, yaani kujua kwa nini watu wa huku wanaugua, utadhani wa kwao hufa kwa uzee tu. Walikuwa na mkufunzi wao, baba mwenye ndevu za mvi aliyekijua Kiswahili vizuri kuliko baadhi yetu. Wanafunzi wakagawiwa kwenye nyumba zenye chumba cha ziada. Fundi alitoa magunia ya vitambaa chakavu kwenye kile chumba cha nyuma, akapewa binti mmoja mwembamba mwenye miwani mizito. Kabla jua halijazama mtaa ulishambatiza Macho Manne.

Macho Manne alikuwa amefundishwa Kiswahili darasani, akakizungumza kama anasoma taarifa ya habari.

"Shikamoo mama. Naomba uniwie radhi kwa usumbufu. Je, ningependa kufahamu, msalani ni upande upi?"

"Marahaba. Pita pale nyuma, mwanangu, na siku nyingine anza na msalani, radhi utaniomba ukirudi."

Fundi hakujaliwa mtoto. Waume wawili waliondoka, kila mmoja na sababu yake, na sababu zote mbili zilikuwa na miguu mizuri. Kwa hiyo alipoitwa mama, asubuhi na jioni, kuna kitu kifuani kilichokuwa kimekunjwa muda mrefu kikaanza kukunjuka. Akamshonea binti gauni. Akampa kikombe chake mwenyewe. Muuza Mkaa, jirani yake na shoga yake wa siku nyingi, alipitia na ndoo yake akamkuta anaimba.

"Heh! Umepata mume wa tatu?"

"Nimepata mtoto. Mume wa nini?"

Asubuhi moja Fundi alikuwa akipigana na sindano. Aliulamba uzi, akaukunja, akaulenga, ukapita nje. Akaulamba tena. Hakujua kwamba binti amesimama mlangoni, maana binti alikuwa na nyayo nyepesi kama za paka.

"Mama, tangu lini huoni?"

"Naona! Naona kuna mtu mlangoni ana maswali."

Macho Manne hakucheka. Alikuja akapiga magoti, akaichukua ile sindano mkononi mwake, akaitunga mara moja, akaichoma kwenye mto wa pini. Kisha akachukua nyingine, na nyingine, nyeupe, buluu, nyeusi, mpaka mto ukawa kama nungunungu. Tangu hapo akawa anafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda na wenzake.

Siku ile ya kwanza Fundi alianza mzaha, akauacha njiani. Akasema yote: nukta, wingu, daktari wa mbali, vifundo vya futi kamba. Akasema mpaka lile alilokuwa hajajiambia hata yeye mwenyewe, kwamba anaogopa siku atakayoamka asubuhi na asubuhi isije.

"Mwalimu Mkuu akijua, sare zinakwenda kwa yule kijana wa ghorofani mwenye mashine za umeme," alisema. "Sare zikienda, mimi nimekwisha. Hili ni langu na lako. Hata ukuta usisikie."

Macho Manne akamshika mikono yote miwili. "Mama, nakuahidi. Jina lako sitalitaja kwa mtu yeyote."

Fundi akashusha pumzi. Sisi huku mtu akikuahidi hivyo, amefunga mdomo na kumeza ufunguo. Huko kwao, kumbe, ni desturi ya kazi: unachukua maisha ya mtu mzima mzima, unalitoa jina kama unavyotoa mfupa kwenye samaki, kisha minofu unaiandaa mezani.

Kuanzia hapo binti akawa na maswali kila jioni. Lilianza lini, hilo wingu? Kwa nini hataki kliniki? Anawafichaje wateja? Fundi alijibu yote, tena kwa furaha, anaigiza na sauti za wateja mpaka binti anashika mbavu. Siku moja binti akaomba kuipiga picha mikono yake inavyofanya kazi, akaiweke ukumbusho kwao. Fundi akaipaka mafuta kwanza. Nani mwingine aliwahi kumuuliza ameamkaje, akangoja jibu?

Mwisho wa masomo yao waliwaita watu wa mtaa kwenye ukumbi wa shule, ili kila mwanafunzi asimame aeleze alichojifunza, na mkufunzi ampe alama. Ulijaa ukumbi, maana palikuwa na soda. Fundi alivaa gauni lake la zambarau, au aliloambiwa ni la zambarau, akakaa na Muuza Mkaa safu ya pili. Mbele yao, mgongo umenyooka kama rula, alikaa Mwalimu Mkuu.

"Wako ni wa ngapi?" aliuliza Muuza Mkaa.

"Wa tatu. Nyamaza sasa, usije ukaniaibisha mbele ya mwanangu."

Wa kwanza alisema watu wanawe mikono. Watu wakapiga makofi kwa mikono hiyo hiyo. Wa pili alisema mbu ni wabaya, mtaa ukakubali. Kisha akaja Macho Manne, na Muuza Mkaa akanong'ona kwamba amevaa lile gauni alilomshonea. Fundi akapiga makofi kabla binti hajafungua mdomo.

"Ndugu zangu," alianza Macho Manne kwa sauti yake ya taarifa ya habari, "nitawaeleza habari za mama mmoja anayeishi na kisukari. Jina tumelificha ili kulinda siri yake. Tumwite Mama Waridi. Mama Waridi ni mshonaji. Aliolewa mara mbili, akaachika mara mbili. Anapoteza uwezo wa kuona, lakini haendi kliniki kwa sababu anaogopa majirani zake."

Makofi ya Fundi yalikuwa bado yamo mikononi. Yakapoa humo humo.

"Ala," alisema Muuza Mkaa polepole.

Binti akaendelea. Alisema vifundo vya futi kamba. Alisema rangi, jinsi Mama Waridi anavyomuuliza mteja, akaigiza na sauti, kama Fundi mwenyewe alivyomwigizia jikoni, na ukumbi ukaangua kicheko. Alisema na lile la asubuhi isiyokuja. Lile nalo alilisema, kwa vipaza sauti, na soda zinafunguliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe umeishona wewe, ukaipiga na pasi.

Kisha ukutani pakawaka mwanga. Fundi aliona mraba mweupe wenye ukungu, basi. Lakini alisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi.

"Nini?" alimnong'oneza Muuza Mkaa. "Wameweka nini?"

"Picha." Sauti ya shoga yake ilikuwa imebadilika. "Kichwa wamekikata. Mikono wameiacha. Shoga, hiyo si futi kamba yako? Na kile kidole chako kilichopinda je?"

Mtaa mzima uliwahi kupimwa na mikono ile, kiunoni na mabegani. Wangeitambua hata gizani. Fundi alihisi shingo zikimgeukia, na moyoni mwake hamkuwa na aibu kwanza. Mlikuwa na mshangao wa mtu aliyefungua mlango usiku kwa sauti ya mwanawe, akakuta mwizi. Waume wake waliondoka na masanduku. Huyu alikuwa ameondoka na Fundi mwenyewe.

Kiti cha mbele kikalia. Mwalimu Mkuu alikuwa amegeuka.

"Fundi. Anayesemwa pale ni nani?"

"Mimi nitajuaje, Mwalimu? Washonaji tumejaa kama mchanga."

"Walioachika mara mbili pia?"

"Hao ndio wengi kabisa, Mwalimu." Fundi akacheka, kicheko kikatoka kikavu. "Mimi hapa naona sisimizi anapiga miayo ng'ambo ya barabara! Ile picha naiona uzi kwa uzi. Mikono ile si yangu. Tazama, yangu ina nyama."

Mwalimu Mkuu alimpima kwa macho. "Haya," alisema. "Nilishtuka, maana vitambaa vya mwaka mpya viko ofisini kwangu. Njoo kesho uvichukue." Akageuka akatazama mbele.

Muuza Mkaa akamfinya Fundi paja kwa furaha. Imepita! Watu watasema wiki moja, mbili, kisha watapata la kusema jingine. Kilichotakiwa sasa ni kufunga mdomo tu.

Ndipo mkufunzi akasimama kule mbele, ndevu zake mkononi.

"Kazi nzuri sana," alimwambia Macho Manne, kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Nina swali moja kabla ya alama. Mnajua sheria yetu: habari za mtu hatuzisimulii bila ruhusa yake mwenyewe. Mama huyu ulimwomba?"

Binti akaisukuma miwani juu ya pua.

"Ndiyo," alisema Macho Manne. "Nilimwomba jana jioni. Nilimsomea yote, neno kwa neno, nikamwonyesha na picha. Alicheka sana. Aliniambia, mwanangu, nenda kawaambie wote."

Fundi alijiambia anyamaze. Alijiambia sare, alijiambia chungu, alijiambia vitambaa vya mwaka mpya. Kutajwa ugonjwa wake angekumeza. Mikono yake kubandikwa ukutani, nako angekumeza. Lakini kuambiwa kwamba alicheka! Kwamba alikaa pale jikoni, akauzwa mbele ya macho yake, akacheka!

"Jana ulilala mapema unasema kichwa kinakuuma!" Alikuwa amesimama bila kujua amesimamaje. "Nikakuletea maji kitandani! Uliniomba saa ngapi, mimi? Picha gani ulinionyesha, mtoto muongo wewe?"

Soda zilisikika zikichemka kwenye chupa. Macho Manne alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Mkufunzi alimtazama yeye, akamtazama Fundi, akaketi pole pole.

"Fundi," ilisema sauti ya Mwalimu Mkuu. "Si umeniambia sasa hivi kwamba mikono ile si yako?"

Fundi akavaa tabasamu lake la dukani, akageukia kiti cha mbele, akaanza kujieleza kwa upole kwamba si hivyo, Mwalimu, kwamba yeye amemtetea tu mwenzake mmoja, kwamba macho yake, ashukuriwe Mungu, hayana hata doa. Akaeleza vizuri, akaeleza kwa mikono. Mpaka Muuza Mkaa alipomvuta gauni.

"Shoga, kaa chini," alisema. "Hicho kiti hakina mtu. Mwalimu amesimama huku."