Kuni za Urembo

Kuni zangu zimepakwa vanishi. Niseme tena, maana hata mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani masikio yamezeeka. Kuni, zile za kuwasha, zimepakwa vanishi ili zing'ae, na aliyeamuru ni mwanangu Ireri, kijana niliyemsomesha hadi chuo kikuu kule Nchiru!

Nyumba amenijengea, sikatai. Ni ya mawe na mabati ya rangi, hapa hapa Kianjokoma, mbele ya jiko langu la zamani la mbao. Asante nilishasema, na kanisani nikairudia. Lakini sebuleni akatengeneza mahali pa moto pa mawe, kama pale mahotelini, na ndani yake akapanga kuni. Kuni gani? Za Nyaga.

Nyaga ni marehemu mume wangu. Mwaka juzi, kabla ugonjwa haujamlaza, aliangusha mti wa mukima uliokuwa mpakani mwa shamba, akaupasua wote kwa shoka, akazipanga kuni kwenye ukuta wa jiko, pande zilizokatwa zikitazama nje. Asiyewahi kuangalia kuni za mukima hawezi kunielewa. Ndani ni wekundu uliopauka, na kuna madoadoa yanayometa ukigeuza kipande juani. Asubuhi nikitoka kukamua ng'ombe nilisimama hapo kwanza, nikaziangalia tu. Baada ya mazishi nilizitumia kwa uchoyo, kipande kimoja kila Jumapili, na siku hiyo jiko lilinukia kama zamani tulipokuwa tukiota moto pamoja, yeye upande ule wa mafiga na mimi upande huu.

Ireri alichagua vipande ishirini, vizuri kuliko vyote. Kisha akaniambia jiko litabomolewa Jumatatu, apate pa kuegesha gari.

"Mum, huo moshi unakumaliza," alisema. "Daktari alisema hicho kifua si mchezo. Si nimekununulia gesi?"

La kifua ni kweli, sitalificha. Nakohoa. Lakini kukohoa kwangu hakukumpa mtu ruhusa ya kumpaka marehemu vanishi.

Jumamosi watu wakaja kubariki nyumba. Ilikuwa Julai, ukungu ulikuwa umetushukia tangu asubuhi, na Pasta Mithika alikuwa amevaa makoti mawili. Wifi yangu Nelius, aliyepita miaka themanini, alikalishwa kwenye kochi karibu na zile kuni. Akazinyooshea mikono, akangoja. Akajisogeza mbele kidogo, akangoja tena.

"Mama Ireri," akaniita, "huu moto wenu mtauwasha saa ngapi?"

Mke wa Ireri, Wawira, akacheka. "Cucu, hizo ni za urembo tu."

Hasira zikanipanda hadi utosini. Za urembo! Mama mzee anatetemeka mbele ya kuni kavu, nazo zimewekwa hapo zipigwe picha! Mimi pia nilizitazama, tena nilizipenda kuliko wao wote, lakini nilizipenda kwa sababu nilijua zitawaka. Nyaga hakuvunja mgongo wake kwa ajili ya sebule. Nikaenda jikoni, nikachota makaa kwa kifuniko cha sufuria. Pasta alikuwa ndiyo kwanza ameanza "Baba, bariki nyumba hii" niliporudi, nikayasukuma chini ya kuni na kupuliza.

"Mum, no! Hizo si za kuwasha!" Ireri akaruka.

"Ni za nini basi? Za kuabudu?"

Vanishi ilishika upesi kama mafuta ya taa. Kwa dakika moja moto ulikuwa mzuri sana, na Nelius akatabasamu. Kisha moshi mweusi ukaanza kurudi sebuleni, unanuka kama duka la rangi. Nikainama nitazame juu. Hakukuwa na bomba. Hakukuwa hata na tundu! Mawe yalipanda kidogo tu, yakaishia kwenye simiti, na kwenye simiti kulikuwa na balbu nyekundu.

Watu walitoka mbio wakikohoa, Pasta na Biblia puani. Nje kulikuwa na manyunyu. Wakaangaza huku na huku, halafu wote wakaingia mahali pekee palipokuwa na joto, jikoni kwangu, wakajibana kwenye vigoda na magunia. Nelius nilimweka karibu kabisa na mafiga. Hakuna aliyeulizia kochi.

Ireri alikuja mwisho, baada ya kuuzima ule moto kwa ndoo za maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sasa umeona moshi ulivyo, Mum?"

Hapo nilishindwa kujizuia. "Kumbe unajua moshi ni mbaya! Unajua na kifua changu. Ulikuwa na fundi, mawe na simiti, ukajenga mdomo wa moto usio na pua, mahali ambapo hutaki mtu awashe. Bomba moja la bati, Ireri. Moja tu, hapa ninapokohoa kila siku. Hilo hukulifikiria. Ulifikiria balbu."

Watu wakatazama moto.

Pasta Mithika akakohoa kidogo. "Tulikuwa tumefika wapi? Baba, bariki nyumba hii." Akaendelea hadi mwisho, mikono ameinyoosha juu ya mafiga yangu, na watu wakaitikia amina. Kama alikusudia, sijui. Sikumuuliza.

Jumatatu fundi akaja na nyundo kubwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Nikamuuliza kama kwao hubomoa nyumba iliyoombewa. Akamgeukia Ireri. Ireri akatazama paa lenye masizi kwa muda mrefu.

"Toboa hapo," akasema mwishowe. "Tuweke bomba."

Bomba lipo sasa. Kikohozi kimepungua, na sijamwambia. Ana masikio, atasikia mwenyewe. Vipande kumi na vitatu vilipona ule moto, nikaviokota na kuvianika. Kila jioni nakaa mlangoni na kisu, nakwangua vanishi mpaka rangi yake Nyaga itokeze. Nikimaliza kimoja, nakitia motoni.